Baada ya ubepari tuweke nini? Njia nne zikipimwa kwa matatu, mtungi wa maji na kodi ya nyumba

Mchana wowote pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, wanapokutana watu wa Bunge la Mwananchi, baraza la raia wa kawaida la kujadili siasa, ubepari hupata kichapo cha kutosha. Shida huanza mtu akiuliza: sawa, uondoke, kisha tuweke nini? Mmoja atamtaja Nyerere, mwingine China, wa tatu atasema tuanzishe SACCO (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), wa nne atataka serikali itugawie pesa mkononi yaishe. Hao wanne hawajibu swali moja. Kila mmoja ana ugonjwa wake anaoutibu, na dawa ya mmoja yaweza kuuzidisha ugonjwa wa jirani.

Ulinganisho huu ni wa kikundi kinachotafuta pa kuanzia: chama, wapangaji wa plot moja, mafundi wa karakana moja, kamati ya mtaa. Hatutapima kwa majina, maana majina yameshatuchezea. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, mwongozo wa uchumi wa serikali ya Kenya, ulijiita ujamaa wa Kiafrika, lakini ndani yake ulielekeza pesa za maendeleo ziende kule zitakakozaa zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua na barabara. Julai mwaka huohuo Barack Obama Mkubwa, baba ya yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa kwa maandishi akiuliza utazuiaje mali isirundikane mikononi mwa wachache. Waraka ulipita, mali ikarundikana.

Kwa hivyo kila njia tutaiuliza mambo matatu: nani ana kura, ziada inaenda kwa nani, na siku mbaya nani analala njaa.

Malalamiko yenyewe

Lawama dhidi ya ubepari si moja. Ya Karl Marx, aliyoipanga kwa kirefu mwaka 1867, ni kwamba mfanyakazi huzalisha thamani kubwa kuliko ujira wake, na tofauti hiyo huchukuliwa na mwenye mtaji kwa sababu tu chombo ni chake. Ya Karl Polanyi, 1944, ni kwamba ardhi, kazi na pesa hazikutengenezwa ziuzwe, na jamii inayoziacha sokoni bila kizuizi hujitafuna yenyewe. Thomas Piketty, 2013, alileta hesabu: faida ya mali ikikua haraka kuliko uchumi, aliyerithi humwacha nyuma anayefanya kazi, na pengo huongezeka kizazi hadi kizazi. Kuna na ya wanaikolojia, kwamba mfumo usioweza kusimama bila kukua utamaliza pa kutupa taka zake. Kwa hiyo ya mwisho Nairobi haihitaji mhadhara. Jaa la taka la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na malori bado yanaingia.

Amueni kwanza ni lipi linalowauma. Mpangaji anayekamuliwa na mwenye nyumba hasaidiwi na ushirika wa wafanyakazi, na konda hasaidiwi na hati ya ardhi ya pamoja.

Matatu moja, siku mbili

Chukueni gari moja. Tarakimu hizi ni za mfano, kila ruti ina zake, ila mpangilio wake kila mtu wa stejini anaujua.

| | Siku nzuri | Siku mbaya |
|---|---|---|
| Mapato | 15,000 | 11,500 |
| Mafuta | 5,500 | 5,000 |
| Stejini, ada za SACCO, "mengineyo" | 1,500 | 1,500 |
| Hesabu ya mwenye gari | 5,000 | 5,000 |
| Dereva na konda kwa pamoja | 3,000 | 0 |

Tazameni mstari wa nne. Hesabu, kile kiasi mwenye gari anachodai kila siku, haisogei. Mapato yameshuka kwa 3,500 na upungufu wote, ukitoa mafuta kidogo yaliyookolewa, umewaangukia wawili wasio na gari. Hiyo ndiyo lawama ya Marx ikiwa na kiraka cha Nairobi: mwenye chombo hachukui ziada pekee, anachukua kiasi kilichofungwa, na hatari anawaachia wenye jasho. Ndiyo maana gari linapita kwa jirani likikanyaga kando ya barabara. Dereva huyo anaifukuza hesabu, na faini za trafiki hazijawahi kubadilisha tarakimu za jedwali hili. (Siku ya mvua haihesabiki kuwa mbaya, nauli inapanda. Mbaya ni siku ya jam isiyosogea, au barabara ikifungwa.)

Tumtendee haki mwenye gari pia. Kutoka zile 5,000 analipa mkopo, bima, matairi na fundi. Mwenye gari moja la mkopo mara nyingi naye ni mtumwa wa benki mwenye funguo.

Na SACCO? Kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za 2014 zinamtaka mwenye matatu awe ndani ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, kwa hivyo karibu kila gari lina jina la SACCO ubavuni. Lakini mwanachama ni mwenye gari. Dereva na konda hawana kura. Ni ushirika wa wamiliki, na kwa maswali yetu matatu unajibu sawasawa na kampuni.

Sasa gari lilelile likiwa la wanaolifanyia kazi. Siku nzuri hubaki 8,000 baada ya mafuta na stejini. Ujira thabiti wa 1,200 kwa kila mmoja ni 2,400, bima na matengenezo 1,500, mkopo 3,000, ziada 1,100. Siku mbaya hubaki 5,000: ujira 2,400, mkopo 3,000, na tayari mmepungukiwa 400 kabla ya kuweka senti ya matengenezo. Hakuna aliyelala njaa, ila akiba imeguswa. Siku mbaya kumi mfululizo na mkopo hausubiri. Hapa ndipo watu hujidanganya, kwa kudhani bosi akiondoka hatari inaondoka naye. Hatari inabaki palepale, sasa ikigawanywa, na akiba isipokuwepo mtagawana deni.

Njia ya kwanza: ushirika wa wenye kazi

Kura ni ya mtu, si ya hisa. Mzizi wake unaotajwa zaidi ni waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, 1844, ingawa lile lilikuwa duka la wanunuzi. Kwa wafanyakazi, mfano mkubwa ni Mondragon huko Uhispania, nchi ya Wabaski, ulioanza 1956 na sasa una makumi ya maelfu ya wafanyakazi, mishahara ya wakubwa ikifungwa kwa kiwango cha chini, kwa kawaida si zaidi ya mara sita hivi. Fagor, kiwanda chake cha vyombo vya nyumbani, kilifilisika mwaka 2013. Soko halikukisamehe. Tofauti ilionekana baadaye: wanachama wengi walihamishiwa kwenye vyama ndugu badala ya kutupwa nje.

Kwa sheria yetu ya vyama vya ushirika ya 1997 mnahitaji watu 10 wenye umri wa miaka 18 kwenda juu, kamati ya watu 5 hadi 9, na mkutano mkuu ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa fedha kuisha. Mwanachama mmoja haruhusiwi kushika zaidi ya sehemu moja ya tano ya hisa. Hayo ni ya mlangoni tu. Ushirika hufa au hupona kwenye kanuni zake za ndani. Za kubishania hadi usiku ni hizi.

Hisa ya kuingia iwe kiasi ambacho konda anaweza kukatwa kidogo kidogo kwa mwaka, tuseme 2,500 kwa miezi 12. Mkiweka laki mbili mkupuo, mmeshaamua kwamba wanachama watakuwa wenye pesa.

Ziada igawanywe kwa siku za kazi, isiende kwa hisa. Na sehemu yake, tuseme kati ya theluthi na nusu, iingie kwenye akiba isiyogawika kamwe, hata chama kikivunjwa. Bila kifungu hicho, siku gari linamaliza mkopo kutakuwa na kura ya kuliuza wagawane.

Kifungu cha skwodi, yaani vibarua wa kushikilia kwa siku, ndicho muhimu kuliko vyote. Kila chama cha wafanyakazi huajiri vibarua, na kila mwaka kina sababu nzuri ya kutowaingiza. Baada ya miaka mitano waanzilishi kumi wana skwodi thelathini na wamekuwa mabosi kumi. Kuoza huku kumeonekana mahali pengi vyama hivi vilipofanikiwa, maana mwanachama mpya hupunguza fungu la wa zamani. Andikeni: aliyefanya kazi siku 90 ndani ya miezi 12 ana haki ya kuomba uanachama, na akikataliwa apewe sababu kwa maandishi mbele ya mkutano mkuu.

Kikwazo kikubwa ni mtaji. Benki inataka logbuku (hati ya umiliki wa gari) na dhamana. Njia iliyozoeleka hapa ni kujiunga na SACCO ya akiba na mikopo iliyopo na kukopa hadi mara tatu ya akiba. Watu kumi wenye 60,000 kila mmoja wanaweza kupata 1,800,000, na zile 600,000 zinabaki zimefungwa kama dhamana. Msizihesabu kwenye bei ya gari. Chombo kikizidi hapo, ongezeni wanachama kabla ya kuongeza riba. Kosa la kawaida ni wote kudhaminiana kwa mduara: mmoja akikwama, akiba za wengine zinashikwa na chama kinageuka kesi. Wekeni walau theluthi ya wadhamini watoke nje ya kundi.

Inafaa wapi? Karakana za Kariobangi, mafundi wa Kamukunji, usafi, ulinzi, ujenzi: penye ujuzi mwingi na mashine chache. Haifai mabomba ya maji wala gridi ya stima.

Njia ya pili: mali ya umma na mpango

Hii ndiyo watu wengi wanayoisikia ukisema ujamaa. Dola inamiliki, mpango unaamua. Kule Umoja wa Kisovieti, Gosplan, kamati ya mipango ya dola iliyoundwa 1921, ilikuja kuendesha mizania ya vifaa: upande mmoja chuma kinachotoka kila kiwanda, upande wa pili kila anayekihitaji, na makarani wakisawazisha. Tatizo liko hapa: meneja akizidisha lengo mwaka huu, lengo la mwakani linaanzia hapo. Kwa hivyo kila meneja mwenye akili alificha uwezo wake na kurundika vipuri. Ludwig von Mises alikuwa ametabiri shida ya jumla mwaka 1920, kwamba bila bei za mitambo na malighafi huwezi kujua lipi ni ghali kulifanya. Aliikuza mno, kwa maoni yetu, maana kampuni kubwa za kibepari nazo hupanga ndani kwa ndani bila soko. Lakini kwa bidhaa elfu nyingi zinazobadilika kila wiki, kama mitumba ya Gikomba, hakuna wizara itakayowahi.

Jirani zetu wana somo la karibu zaidi. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na kesho yake benki zikataifishwa. Elimu ya msingi na afya vilisambaa vijijini kwa namna ambayo Kenya haikuifikia wakati ule. Kisha, miaka ya katikati ya sabini, mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika vilivyokuwa vya wakulima wenyewe, ikavirudisha mwaka 1982. Nani alikuwa na kura? Chama na ofisa wa wilaya. Ziada ya pamba na kahawa? Mashirika ya serikali. Siku mbaya? Mkulima. Jedwali la matatu tena, mwenye gari akiwa dola.

Hata hivyo msiitupe njia hii. Angalieni maji. Mtungi wa lita 20 katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa shilingi 5: mita moja ya ujazo ni mitungi 50, yaani shilingi 250. Wakati wa uhaba mtungi ukifika 10, ni 500. Mwenye mfereji na mita kule Kilimani kwa wenye nafasi halipi chochote kinachokaribia hapo kwa maji ya kampuni ya kaunti. Maskini analipia maji yaleyale zaidi, kwa sababu kati ya bomba kuu na kibanda kuna watu wenye mipira na misuli. Ushindani hauwezi kutibu hilo. Hakuna atakayechimba bomba la pili sambamba. Bidhaa moja, bomba moja, kipimo kinachosomeka kwenye mita: hapo umma ndio mwenye kufaa. Kinachoharibika ni uwajibikaji, kwa sababu kampuni ikiwa ya kaunti na mtumiaji hana kiti kwenye bodi, maji huvuja na kuibwa kabla hayajafika kwenye mita na hakuna wa kuulizwa. Daini viti vya watumiaji vya kuchaguliwa na mtaa, pamoja na kutangazwa kila mwezi kwa lita zilizotoka na lita zilizolipiwa, eneo kwa eneo.

Njia ya tatu: ardhi ya pamoja

Hapa ndipo tungeanzia sisi, kwa Nairobi. Mjini ziada nyingi haiendi kwa mwenye kiwanda, inaenda kwa mwenye ardhi. Barabara ikijengwa kwa ushuru wa wote, kodi ya nyumba inapanda Pipeline, mtaa wa ghorofa za kupanga, na anayekusanya hakuweka hata kokoto.

Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi 2009, alionyesha kwamba mali ya pamoja haifi lazima: malisho, misitu na mifereji imedumu karne nyingi pale ambapo mipaka ilijulikana, watumiaji walitunga sheria wenyewe, na adhabu zilianza ndogo zikipanda. Kwa ardhi ya mjini, Kenya ina jaribio lake: Tanzania-Bondeni, Voi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ardhi ikashikwa na amana ya jumuiya, nyumba zikawa za wakazi. Unaweza kumrithisha mwanao nyumba au kuiuza kwa masharti. Udongo hauuzwi.

Kimatendo mambo hufuatana hivi. Kwanza orodha ya wakazi, mlango kwa mlango, mpangaji na mwenye kibanda wakitenganishwa. Mkiichelewesha, majina ya watu wasiokaa hapo yataingia. Pili akiba ya kila wiki, maana kikundi kisichoweka akiba hakifiki mwaka wa pili. Muungano wa Wanavijiji, mtandao wa wakazi wa mitaa ya mabanda ulioanza 1996, umekuja kujengeka juu ya msingi huo. Tatu, kujua hati iko kwa nani. Mukuru, sehemu kubwa ni viwanja vya viwanda vilivyogawiwa watu binafsi, na ndiyo sababu kutangazwa kwake eneo maalum la kupangwa mwaka 2017 hakukumaliza kesi ya umiliki. Nne, kanuni ya bei: anayeondoka analipwa gharama za jengo na maboresho, si thamani ya mahali, na jumuiya inapewa nafasi ya kwanza kununua.

Kinachoharibu ni mambo mawili. Benki haipendi hati isiyoweza kupigwa mnada, kwa hivyo mkazi hapati mkopo wa kawaida na baada ya miaka kadhaa atadai hati yake binafsi. Na wenye vibanda, ambao wengi wao hawaishi hapo, watapinga toka siku ya kwanza. Wapangaji wasipokuwa na wingi wa kura kwenye katiba ya amana, mtakuwa mmewahalalishia wenye vibanda mali.

Njia ya nne: kuliacha soko lilivyo, kugawa upya

Ushuru, bima, ruzuku, pesa mkononi. Umiliki hauguswi. Tunaipitia haraka kwa sababu si mbadala wa ubepari, ni hatamu zake, ingawa hatamu nzuri hazidharauliwi.

Kwetu inakwama mahali pawili. Zaidi ya watu 80 kwa kila 100 wenye kazi wako kwenye sekta isiyo rasmi, kwa hivyo makato ya payslip, 1.5 kwa 100 ya nyumba na 2.75 ya afya, yanamwangukia yule aliyekwisha kuonekana. Wakati huohuo aliyeajiriwa hukatwa walau 30 kwa 100 kwa kila shilingi inayozidi 32,333 kwa mwezi, na mwenye nyumba za kupangisha anayekusanya milioni moja kwa mwezi hulipa 7.5 kwa 100, kiwango kilichoshushwa kutoka 10 Januari 2024. Kweli analipa bila kutoa gharama. Bado hesabu hiyo inaeleza kwa nini pesa za Nairobi zinakimbilia ghorofa.

Kipato cha msingi kimejaribiwa Siaya na Bomet na shirika la GiveDirectly, shilingi 2,250 kwa mwezi, baadhi ya vijiji kwa miaka 12. Watu hawakuacha kazi. Wengi waliingia biashara zao wenyewe. Lakini kule wengi wanakaa kwao. Ileteni Pipeline bila kugusa kodi ya nyumba na sehemu yake nzuri itapanda ngazi kwa mwenye nyumba ndani ya mwaka. Sarafu za jumuiya, kama Bangla-Pesa ya Mombasa iliyosababisha watu kukamatwa 2013 kabla kesi haijafutwa, husaidia mama mboga na kinyozi kuendelea kubadilishana pesa zikikauka. Hazinunui mafuta ya gari wala hazilipi kodi ya nyumba.

Mkichagua

Mafundi au watu wa matatu, 10 hadi 30, mnaojuana: njia ya kwanza, na msiguse ardhi. Wapangaji wa mtaa: ya tatu, hata kama itachukua miaka kumi, huku mkidai maji kwa njia ya pili, kwa kuwa kamati ileile na orodha ileile ya milango inatumika kote kuwili. Wanaopiga siasa za kitaifa waanze na ule ushuru wa 7.5, kwa sababu kila kitu kingine hapo juu kinavuja kupitia kwa kodi ya nyumba. Mama mboga aachwe na kibanda chake. Kura, ziada na hasara zote ni zake tayari, na mpango wowote unaoanza kwa kumpangia bei ya sukuma utavunjika soko la Wakulima saa kumi na moja alfajiri.

Wale wa njia ya kwanza, kabla ya kwenda kwa ofisa wa ushirika, shikeni daftari siku 30: mapato, mafuta, stejini, hesabu, kilichobaki, kila siku mstari wake, pamoja na siku ambazo gari lilikaa gereji. Mkutano wa kuanzisha chama uitwe siku ya 31, daftari likiwa mezani, na skwodi wawe wamealikwa.